Kufuli Lililohurumia Watu

Kama kulikuwa na mtu Eldoret mwenye kipaji cha kugawa mali yake bure, basi alikuwa Warigia wa Yamumbi. Alikuwa akishughulikia komputa katika ofisi ya Mzee Mahamud, mwenye malori, na kwa akili zake mwenyewe alikuwa ameandika programu aliyoiita Kufuli. Kazi yake ilikuwa kufunga mafaili yasisomwe na kila mpita njia. Unatia diski ya ufunguo, unaandika neno lako la siri, unaingia. Mtu mwingine angeliuza. Warigia alilitoa bure, tena likiwa limepasuliwa tumbo, kila mstari alioandika ukionekana, ili anayetaka asome, arekebishe, kisha ampe jirani. Mamake aligawa mbegu ya viazi vivyo hivyo. Mwaka ambao viazi vyako vimeoza shambani, mbegu yako unaikuta kwa jirani uliyempa, na kwa hiyo mbegu haifungiwi stoo.

Basi Kufuli likaenea. Malori ya Mzee Mahamud yalibeba diski zake pamoja na mahindi na saruji, likaingia mashuleni, likaingia vyama vya ushirika, likafika Chepkoilel kwa wanafunzi wa chuo. Warigia akaweka na desturi yake. Anayegundua kosa ndani ya Kufuli aliandike kwenye karatasi pamoja na jina lake, aibandike kwenye ubao ulio nje ya ofisi ya malori, naye atanunuliwa soda na mandazi. Wanafunzi walikuja hata na makosa ambayo hayakuwa makosa. Njaa ya chuo mnaijua.

Alhamisi moja asubuhi, mwaka wa tisini, alikuta karatasi mpya ubaoni. Ilikuwa imeandikwa na kijana wa Chepkoilel aitwaye Zachariah, kwa mwandiko wa kuringa: Usitie diski ya ufunguo kabisa. Washa komputa. Kufuli likitafuta ufunguo na kuukosa, litakuruhusu uingie bila kukuuliza lolote. Chini yake akaongeza: Madam, hii ni ya soda mbili.

Warigia alicheka. Kisha kicheko kikamkauka mdomoni, kwa sababu mstari huo aliukumbuka, na alikumbuka ni kwa nini aliuandika.

Stima ya Eldoret wakati wa mvua ilikuwa ikienda na kurudi inavyotaka. Ikienda wakati diski inazunguka, diski huharibika. Mwalimu mkuu mmoja wa upande wa Soy aliharibikiwa na diski ya ufunguo namna hiyo, akafungiwa nje ya alama za wanafunzi wake wote. Alikuja ofisini akalia, mwanamume mzima mwenye tai. Warigia alimwonea huruma, na jioni hiyo akaongeza mstari mmoja: ufunguo ukikosekana au ukiharibika, mwenye mali aruhusiwe kuingia. Alisahau jambo dogo tu, kwamba kufuli halijui mwenye mali ni nani.

Hakusimama kufikiri zaidi. Karatasi aliiacha ubaoni palepale, akakaza mwendo kuelekea barabara ya Uganda, kwenye zahanati ya madereva.

Zahanati hiyo ilijengwa na Mzee Mahamud na wenye malori wenzake, na mwendeshaji wake alikuwa muuguzi mmoja, Sista Halima. Madereva walikuwa wakija kupimwa ukimwi, kwa woga, wengine wakiwa wamevaa kofia hadi machoni. Halima aliandika jina na namba ndani ya komputa, akampa dereva kadi yenye namba hiyo, damu ikapelekwa Nairobi ikiwa na namba tu, na majibu yakarudi kwa namba tu. Akishayaingiza, alichoma karatasi. Ni Warigia aliyemfundisha hivyo. Karatasi haina kufuli, alimwambia.

"Sista, niache nijaribu kitu kidogo," Warigia alisema akiwa bado anahema.

"Jaribu tu. Iko nini?"

Warigia alivuta kiti. Alizima komputa, akaichomoa diski ya ufunguo, akawasha tena. Komputa ikanguruma, ikatafuta, ikakosa. Halafu ikafunguka yote. Warigia alitaka kuizima mara moja, lakini macho hayana adabu. Yaliona jina moja kabla ya kidole kufika kwenye swichi. Githinji, dereva, wa Yamumbi. Mbele ya jina: virusi vimeonekana. Mbele zaidi: majibu hayajachukuliwa.

Githinji alikuwa mdogo wake wa kuzaliwa tumbo moja. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, watu wa kwao Nyakio, mchumba wake, walikuwa wanakuja Yamumbi kumalizia mazungumzo ya ruracio, yaani mahari, na baada ya hapo ilikuwa harusi.

"Warigia, mbona umebadilika uso hivi," Halima alisema kutoka mlangoni. "Umeona nini?"

"Mlango uko wazi, Sista. Mtu yeyote anaweza kuingia."

Halima alishika kichwa. Wote wawili walikuwa wakimfikiria mtu mmoja. Mwenyekiti wa tawi la chama tawala alikuwa ametangaza baraza siku ya Ijumaa, na ameahidi wananchi kwamba atawasomea majina ya wale wanaowaletea ugonjwa. Alikuwa ameshakuja mara mbili kuyadai, na Halima akamjibu kwamba yamefungwa na ufunguo anao yeye. Havikuwa vitisho vya bure. Mwezi uliopita dereva mmoja alisomwa hivyo barazani kule Soy, akaenda nyumbani akanywa dawa ya kupe. Lori lililobeba jeneza lake aliliendesha Githinji. Aliporudi hakula. Alimwambia Warigia, "Mimi nikisomwa mbele ya watu namna ile, hiyo dawa nitakunywa na chupa yake."

Na Githinji hakuwa mtu wa maneno mengi. Akisema kitu, alikuwa amemaliza kukifikiri.

Warigia alirudi mbio ofisini kuing'oa ile karatasi. Alipofika, ubaoni palikuwa na pini peke yake.

Mzee Mahamud alikuwa amekaa kwenye baraza ya ofisi na kikombe chake cha chai ya maziwa. "Kijana wa Mwenyekiti amechukua," alisema. "Anasema Mwenyekiti anapenda sana mambo ya elimu."

Warigia aliketi chini kwenye ngazi, hapo hapo penye vumbi, na nguo yake ya ofisi. Karatasi ilikuwa na maelezo, na ilikuwa na jina la Zachariah na mahali anaposoma. Hawakuhitaji hata kuielewa. Walihitaji tu kwenda Chepkoilel na kumkamata shati.

"Mzee, majina ya madereva yako wazi yote," alisema. "Ni kosa langu. Naweza kuziba lakini stima imepotea tena."

Mzee Mahamud aliweka kikombe chini. Hakuuliza ni majina ya nani. Mwaka uliotangulia yeye na Wasomali wenzake walipangwa foleni wathibitishe kwamba ni Wakenya, mzee mwenye mvi akiulizwa jina la babu ya babu yake na kijana aliyekuwa akitafuna mua. Alijua jina la mtu likiwa katika mkono mbaya ni kitu gani.

"Jenereta iko gereji," alisema. "Chukua. Ikikosa mafuta, nyonya kwa lori."

Warigia aliketi mbele ya komputa, jenereta ikilia huko nje. Kuufuta ule mstari wa huruma kulikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Aliufuta. Halafu akakumbuka jambo lililomfanya aondoe mikono kwenye vibonye. Makufuli ya zamani yalikuwa yametapakaa kila mahali, na moja alikuwa nalo Zachariah. Yeyote angeweza kuja zahanati na Kufuli lake la zamani, akalitumia kufungulia mafaili yale yale. Kubadilisha mlango hakungesaidia kitu, maana nyuma ya mlango majina yalilala wazi. Alikuwa amegawa bure, kwa moyo mweupe, na mbegu ukishaigawa huwezi kuzunguka kwa majirani ukiifukua.

Njia ilikuwa moja. Majina yenyewe yavurugwe, kila herufi itolewe mahali pake, na namna ya kuzirudisha ibaki ndani ya diski ya ufunguo peke yake. Hapo hata aje mtu na Makufuli kumi, ataona takataka tupu. Lakini diski hiyo ikiungua, ikivunjika, ikipigwa na stima, basi hakuna atakayeyarudisha, wala muuguzi, wala Warigia mwenyewe. Alikuwa anaandika sasa kile kitu kilichomliza mwalimu mkuu wa Soy, na anakiandika makusudi. Alilia huku akiandika, akijifuta kwa bega ili mikono isisimame. Ee Mungu, alisema, hii tu, hii moja tu isikosee.

Jua lilikuwa limeshapinda alipofika zahanati na programu mpya. Stima ilikuwa imerudi, lakini taa zilikuwa na uwekundu ule unaoonyesha kwamba haina nia ya kukaa. Halima alikuwa ameinjika chai kwenye jiko la makaa, pembeni ya chumba.

"Sikiza vizuri, Sista," Warigia alisema akiiwasha. "Kuanzia leo, ukipoteza hii diski usiniite. Hata mimi sitaweza."

"Si tutatengeneza ingine ya pili?"

"Tutatengeneza. Hebu imalize kwanza."

Programu ilianza kuvuruga jina baada ya jina, na kila moja lilijitokeza kidogo kwenye kioo kabla ya kumezwa. Warigia aligeuza uso akaangalia ukuta. Taa zilififia, zikarudi. Zikafifia tena. Stima ingeondoka katikati, nusu ya majina yangebaki uchi. Alikuwa amefumba macho, ameshika ukingo wa meza, akihesabu pumzi zake, mpaka komputa ilipolia mlio mfupi wa kumaliza. Halima aliichomoa diski ya ufunguo akaitia mfukoni mwa yunifomu.

Hawakupata nafasi ya kutengeneza ya pili. Nje, Landrova ilifunga breki.

Mwenyekiti aliingia wa kwanza, mtu mnene mwenye kifimbo, na nyuma yake vijana wa chama wa mashati mekundu. Katikati yao walimsukuma Zachariah. Alikuwa mwembamba, mdogo kuliko mwandiko wake, na kola ya shati ilikuwa imechanika.

"Sista, leo hatutaki maneno," Mwenyekiti alisema. "Wananchi wana haki ya kujua nani anawamaliza."

"Hawa ni wagonjwa," Halima alijibu. "Walikuja kwangu wakiamini."

"Na wewe ni wa wapi? Ile kadi yako ya screening ya Wasomali, tunaweza kuiangalia tena, tuone kama iko sawa."

Zachariah aliketishwa kwenye kiti kwa nguvu. Alimtazama Warigia, macho yamejaa machozi.

"Pole, Madam," alisema. "Mimi nilitaka soda tu."

Alizima, akawasha bila ufunguo, kama alivyoandika yeye mwenyewe. Safari hii Kufuli lilikataa. Kijana mmoja alimpiga kisogoni. Zachariah akatoa mfukoni diski yake, Kufuli la zamani, akaitia. Kioo kikajaa maandishi kutoka juu hadi chini, na vijana wakasogea kwa furaha, lakini hakukuwa na neno hata moja. Zilikuwa herufi na alama zilizomwagwa ovyo.

Zachariah aliinama akaangalia kwa muda mrefu. Alielewa. Kona ya mdomo wake ilicheza kidogo, kama mtu aliyeona bao zuri likifungwa hata kama limefungwa timu yake.

"Imefunguka?" Mwenyekiti aliuliza.

"Haifunguki, mzee. Imevurugwa. Bila diski ya ufunguo hakuna mtu anaweza, hata huyu ameiandika. Muacheni tu."

Maskini kijana, alifikiri anamwokoa Warigia. Alichofanya ni kuwaonyesha pa kutafuta. Macho yote yakamgeukia Halima.

"Hiyo diski iko wapi?"

Halima alikuwa amesimama kando ya jiko. Alitia mkono mfukoni akaitoa, akaiinua waione. "Ni hii?" aliuliza, kwa sauti ile ile anayoulizia mgonjwa kama ameshakunywa dawa. Kwa mkono wa pili aliinua sufuria ya chai, akailaza diski juu ya makaa, akairudisha sufuria mahali pake.

Kijana mmoja aliipiga teke sufuria, chai ikamwagika, akatia vidole kwenye makaa na kuvitoa akipiga mayowe. Moshi mweusi unaonuka ukajaa chumba. Diski ilikuwa imejikunja kama ngozi ya kuku. Kofi alilopigwa Halima lilimlaza ukutani.

"Utarudi kwenu!" Mwenyekiti alifoka. "Nitakurudisha kwenu mimi mwenyewe!"

"Kwetu ni hapa," Halima alisema, damu ikimtoka kwenye mdomo. "Nimezaliwa hapa Eldoret. Unirudishe wapi?"

Waliondoka na kioo cha komputa, wakikibeba kwa uangalifu, maana waliamini majina yamo ndani yake. Sanduku lenyewe waliliacha. Zachariah wakamwacha pia, hakuwa na faida tena kwao. Siku nyingine Warigia angeucheka ujinga huo wa kioo mpaka aumwe na mbavu.

Zachariah aliomba msamaha mara nyingi kuliko walivyoweza kuvumilia, mwishowe wakamwambia aende zake. Halima aliketi sakafuni akijikanda shavu kwa kitambaa cha maji.

"Majina yameenda yote," alisema. "Hata ya wale hawajachukua majibu."

"Hukumbuki hata mmoja?"

"Mimi sikuwa naangalia. Naingiza namba, nachoma karatasi, vile ulinifundisha. Wallahi sijui ni nani anao na ni nani hana." Akakikamua kitambaa. "Nairobi hawaweki nakala, itabidi warudi wapimwe tena, kama watakubali. Na wewe asubuhi, ulipoingia, uliona jina?"

"Hapana," Warigia alisema.

Njia nzima ya kwenda Yamumbi alijaribu kujifurahisha. Amefaulu. Kesho Mwenyekiti atasimama barazani mikono mitupu. Githinji hatasomwa, na hakuna dawa ya kupe itakayonywewa. Tundu alilolitoboa kwa huruma yake ameliziba kwa mikono yake. Lakini kila alipofika hapo, moyo ulikataa kutulia, na alipofika kwenye geti la nyumbani alijua kwa nini.

Githinji alikuwa uani akipasua kuni za Jumamosi, shati ametupa begani, anapiga mluzi. Kutoka jikoni alisikika Nyakio akicheka na mama, sauti za visu zikipita kwenye viazi.

"Wari!" Githinji aliita. "Umesikia habari ya zahanati? Madereva wote wanaongea. Majibu yameungua. Yangu na ya kila mtu." Alishusha sauti, akatazama jikoni. "Nilikuwa nimepimwa, sikukuambia. Nilishindwa kwenda kuchukua. Nilikuwa silali. Sasa Mungu mwenyewe amefuta."

"Utaenda kupimwa tena, Githinji."

"Nani? Mimi? Kadi yenye namba nimetupa mto Sosiani nikipita. Siendi kudungwa tena. Jumamosi watu wanakuja, tunaoa, tunaishi." Alicheka. Tangu lile jeneza la Soy hakuwa amecheka hivyo, na Warigia aliona jinsi alivyo kijana bado.

Hapo ndipo alipouona uzito wote. Majina yamevurugwa, diski imeungua, karatasi zilichomwa, Halima hajui. Duniani kote palibaki mahali pamoja tu ambapo jibu la Githinji lilikuwa wazi, nalo lilikuwa ndani ya kichwa cha Warigia.

"Weka shoka chini," alisema.

"Kwa nini?"

"Weka chini kwanza."

Aliliweka. Warigia alimshika mkono akamvuta mpaka kwenye gogo, wakaketi. Alimwambia kuhusu ubao na karatasi, na alivyozima na kuwasha bila ufunguo. Alimwambia aliloliona mbele ya jina lake. Hakulipamba. Githinji alitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Jikoni kicheko cha Nyakio kikapanda tena.

"Nani mwingine ameona?" aliuliza hatimaye.

"Mimi peke yangu."

"Basi funga, Wari." Alimgeukia. "Si ndiyo kazi yako? Umefunga ya watu wote leo. Funga na hii."

"Na Nyakio?"

"Funga, nakuomba."

"Siwezi. Mwambie wewe kabla ya Jumamosi. Usipomwambia, nitamwambia mimi."

Githinji aliruka kusimama. "Sasa una tofauti gani na Mwenyekiti?"

Warigia alibaki akilia waziwazi, amemshika mdogo wake mguu wa suruali kama anayezuia mtu asianguke. Aliwaza dawa ya kupe iliyo kwenye rafu ya boma la ng'ombe na kujiambia kwamba ataimwaga usiku huo, na kwamba atalala mlangoni kwake kama itabidi, kesho na kesho kutwa, mpaka lini hakujua. Githinji naye alisimama tu, hakujing'oa. Baada ya muda akaketi tena polepole kando yake, bega likagusa bega.

Mlango wa jikoni ukafunguka. Nyakio akatoka akijifuta mikono kwa leso, uso wake mwekundu kwa moto.

"Nyinyi wawili, chakula kinapoa. Mnapiga umbea gani huko?"

Githinji alifuta uso kwa kiganja, akasogea kwenye gogo, akaacha nafasi katikati yake na dada yake.

"Nyakio," alisema, "hebu kuja ukae hapa kwanza."